Mstari Mtupu Usimpoteze Mtoto: Namna ya Kutafuta Hitilafu Katika Makro Zinazosoma Taarifa za Sharika

Mada iliyotolewa na ofisi ya uratibu wa miradi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili



Awali ya yote tunawashukuru kwa kuitikia wito, hasa ninyi mliotoka mbali, Chamazi, Mbagala, Kibada, Bunju na Mbezi, maana foleni za jiji letu tunazifahamu. Mada tuliyopewa ina sura ya kompyuta, lakini kiini chake ni watu: watoto wanaopatiwa sare na madaftari, wajane walio katika vikundi vya kuweka na kukopa, na wazee wanaohudumiwa na diakonia. Jina la mmoja wao likipotea njiani kati ya usharika na ofisi, msaada wake nao unapotea, na mara nyingi mwenyewe hajui amlalamikie nani.

Kazi inavyokwenda

Kila robo mwaka sharika hutuma taarifa zao kwa barua pepe. Wengine huambatisha jedwali la Excel, wengine hati ya Word, na wengine huandika tarakimu ndani ya barua yenyewe. Kuzikusanya zote kwa mkono huchukua siku nyingi. Kwa sababu hiyo tunatumia makro, yaani orodha ya amri zilizoandikwa mara moja kwa lugha ya VBA, ambayo imo ndani ya Excel tangu mwaka 1993. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inafungua barua, inatoa kiambatisho, inasoma visanduku kimoja kimoja na kujaza jedwali kuu. Muda unaookolewa ni mwingi, na muda huo tunautumia kutembelea walengwa.

Hata hivyo, makro haina macho wala busara. Katibu akitazama ukurasa anaelewa maana yake hata kama mwandiko umepinda. Makro inafuata amri tu. Kwa mantiki hiyo, hitilafu zake ni za aina mbili. Iko hitilafu inayopiga kelele: kompyuta inasimama, ujumbe wa kosa unatokea, na kazi haiendelei. Hii inaudhi, lakini haina hatari kubwa, kwa kuwa inakuonyesha mahali pa kutazama. Aina ya pili ni hitilafu inayonyamaza: makro inafika mwisho, jedwali linajaa, jumla inatokea, kila mtu anafurahi, kumbe taarifa si sahihi. Hii ya pili ndiyo ya kuogopwa.

Mfano wa mstari mtupu

Tuchukue mfano. Katibu ana orodha ya watoto 42. Kwa nia njema ya kuipendezesha, anaandika wavulana 19 kwanza, anaacha mstari mmoja mtupu, kisha anaandika wasichana 23. Makro nyingi huandikwa kwa amri hii: soma mistari yote, ukikuta mstari mtupu, simama. Makro inasoma wavulana 19, inakuta mstari mtupu na kufunga faili. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Wasichana wote 23 wamebaki nje, na mfadhili anapokea taarifa kwamba usharika huo unahudumia wavulana pekee. Anaweza hata kuuliza kwa nini tunabagua.

Dawa ni kubadilisha amri: makro ianze chini kabisa ya jedwali na kupanda juu hadi ikute mstari wa mwisho wenye maandishi, kisha isome yote yaliyo juu yake na kuruka mistari mitupu.

Jambo la namna hii limewapata hata wenye uwezo mkubwa. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, majibu 15,841 ya watu waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hayakuingia katika hesabu za kila siku. Sababu ilikuwa muundo wa zamani wa faili za Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Muundo mpya hubeba mistari 1,048,576. Majina yaliyozidi yaliachwa, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa.

Tarakimu zinazobadilika

Eneo la pili ni fedha. Sisi Watanzania tumezoea kuandika 1,500,000/= na hakuna anayeshindwa kuelewa. Lakini alama hiyo ya mwisho inaifanya Excel ichukulie kiasi hicho kuwa maneno, na inapojumlisha safu, maneno inayaruka kimya kimya. Vilevile iko amri ya VBA iitwayo Val ambayo husoma tarakimu na kuacha mara inapokuta alama isiyoielewa. Ikipewa 1,500,000 inaishia kwenye mkato wa kwanza, na milioni moja na nusu inageuka kuwa shilingi moja.

Eneo la tatu ni namba za utambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nayo Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiandika namba ya NIDA bila vistari katika kisanduku cha kawaida, tarakimu tano za mwisho zinageuka kuwa sifuri. Zikishageuka hazirudi, hata ufanye nini. Namba ya simu nayo inapoteza sifuri ya mbele. Dawa ni kuviweka visanduku hivyo katika hali ya maandishi kabla ya kuandika chochote.

Eneo la nne ni tarehe. Kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Mtoto aliyezaliwa 03/04/2015, yaani tarehe 3 Aprili, anasomwa kuwa amezaliwa 4 Machi. Ubaya ni kwamba 25/04/2015 inaweza kusomwa vizuri, kwa sababu hakuna mwezi wa 25 na VBA inageuza yenyewe. Matokeo yake orodha moja inakuwa nusu sahihi na nusu si sahihi, nawe ukikagua mstari mmoja uliosomeka vizuri unaridhika. Kwa hiyo tunashauri fomu iwe na safu tatu: siku, mwezi na mwaka.

Majina ya mahali

Makro inalinganisha herufi kwa herufi. Mwananyamala na Mwananyamara kwake ni mahali pawili. Kimara yenye nafasi tupu mwishoni si sawa na Kimara isiyo na nafasi, ingawa kwa macho huoni tofauti. Mkishuku jambo hilo, tumieni amri ya Excel iitwayo LEN, ambayo huhesabu herufi. Kimara ina herufi 6. Likija jibu la 7, kuna nafasi iliyojificha. Kwa hati za Word, kila kisanduku cha jedwali hubeba alama ya mwisho isiyoonekana, na makro isipoiondoa, hakuna jina litakalolingana.

Kwetu Dar es Salaam kuna tatizo la ziada. Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke, katika miaka ya 2015 na 2016. Fomu za zamani zinaiweka Kimara katika Kinondoni na Kibada katika Temeke, mpya zinaziweka Ubungo na Kigamboni. Makro inayojumlisha kwa wilaya itaonyesha kwamba walengwa wa Kinondoni wamepungua, kumbe hakuna aliyehama. Halafu tuna Mbezi mbili: Mbezi Beach iko Kinondoni, na Mbezi ya barabara ya Morogoro iko Ubungo. Anayeandika "Mbezi" tu anamwachia mwenzake kitendawili. Ofisi imeandaa orodha moja ya majina ya kata, na fomu itamtaka katibu achague kutoka humo badala ya kuandika mwenyewe.

Barua pepe na viambatisho

Sharika kumi zikituma faili lenye jina RIPOTI, na makro ikayahifadhi yote katika folda moja, la pili linafuta la kwanza, la tatu linafuta la pili, na mwishoni linabaki moja. Kwa hiyo makro inapaswa kuongeza anwani ya mtumaji na tarehe mbele ya jina la faili kabla ya kuhifadhi. Pia, makro inayotafuta barua yenye kichwa "Taarifa ya robo mwaka" haitaiona barua yenye kichwa "Shalom kutoka usharikani", hata kama ndani yake kila kitu kimo. Picha ya fomu iliyopigwa kwa simu nayo haisomeki kwa makro hizi, mtu atalazimika kuichapa.

Wengine mmeuliza kwa nini fomu za zamani zenye makro ndani yake zinakataa kufanya kazi. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa kupitia makro ya hati ya Word, kikijituma chenyewe kwa watu 50 wa kwanza katika orodha ya anwani ya kila aliyekifungua. Makro za namna hiyo ziliendelea kutumiwa na wahalifu, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro zilizomo katika faili zinazotoka kwenye intaneti. Hatushauri mtu yeyote azime ulinzi huo. Njia salama ni fomu ya usharika kutokuwa na makro kabisa, na makro ibaki katika kompyuta ya ofisi tu. Jambo jingine ni kwamba Outlook mpya ya Windows haikubali makro za VBA, kwa hiyo mwenye kuhitaji makro ya kusoma barua asihame kutoka Outlook ya zamani kabla ya kupata njia nyingine.

Hatua za kutafuta hitilafu

Makro ikisumbua, tunafuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, tunafanya kazi kwenye nakala. Faili halisi la usharika haliguswi.

Pili, tunatafuta faili moja linaloleta tatizo. Kama faili 20 zinagoma, tunajaribu 10, kisha 5, mpaka tulipate.

Tatu, tunaiendesha makro amri moja moja kwa kubonyeza kitufe cha F8, tukitazama kila inachosoma. Mara nyingi ndani ya dakika chache unaona mahali ilipokwenda kombo.

Nne, tunaondoa amri inayoiambia makro iruke kila kosa na kuendelea. Wako wanaoipenda kwa sababu inaondoa ujumbe wa kosa. Kufanya hivyo ni sawa na dereva anayeng'oa taa ya onyo la mafuta ya injini ili isimsumbue njiani.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tunalinganisha hesabu tatu: faili ngapi zimepokelewa na ngapi zimesomwa, majina mangapi yamo kwenye fomu na mangapi yamefika kwenye jedwali kuu, jumla ya fedha ni kiasi gani huko na huku. Hesabu moja ikitofautiana, makro isimame na hakuna malipo yatakayoandaliwa mpaka ofisi impigie simu katibu wa usharika.

Ombi letu kwa kamati

Ndugu wajumbe, hesabu hizo tatu haziwezekani bila ninyi. Tunaomba juu ya kila fomu katibu aandike idadi ya majina na jumla ya fedha alizohesabu mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya kutuma. Msiunganishe visanduku, msiongeze safu, msibadilishe vichwa vya safu. Kama fomu haitoshi, tuambieni tuirekebishe kwa wote. Baada ya makro kufanya kazi, ofisi itarudisha orodha kwa kila usharika, na mzee wa kanisa au mjumbe mmoja aisome jina kwa jina. Yeye anawajua watoto wa mtaa wake, kompyuta haiwajui.

Tunawakumbusha pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Orodha ya watoto na namba za NIDA isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp, na wala isitumwe kwa mtu asiyehusika.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: mnapopokea jedwali zuri lenye rangi, ulizeni hesabu tatu. Swali hilo halituvunjii heshima. Na mnapopanga bajeti ya mradi, ikumbukeni pia siku ya mtu kukaa na kukagua, kwa kuwa programu ya kompyuta peke yake haitoshi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari limeingia kwenye kompyuta, lakini wajibu wa kulisoma umebaki kwetu.

Fomu mpya mtazipata mezani kwa mhasibu mkitoka. Tunaomba kila usharika uijaribu kwa majina machache kwanza na kutupigia simu mahali inaposumbua, kabla ya robo mwaka ijayo kufungwa.