Magamba ya Ngozi

Ndugu msikilizaji uliyeko Garissa, wauliza: je, magamba haya nitawaambukiza wanangu? La, hasha! Soriasisi haiambukizi. Ngozi, ambayo hujibadili kwa muda wa kama mwezi, huharakishwa ikajibadili kwa siku chache, na magamba yakarundikana. Majirani husema ni ukoma. Katika Walawi 13 kuhani alingoja siku saba kabla ya kuamua. Wao hawangoji hata chai ichemke. Baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi, nao ukoma wenyewe una dawa. La soriasisi mara nyingi huwasha. Haiponi kabisa, lakini hutulizwa. Hewa yetu ni kavu, basi ukisha kuoga jipake mafuta mazito. Krimu za sokoni zisizo na maandishi ziache. Mwone daktari, na dawa akupazo usizikatize ghafula. Na wanao, wapakate.