Mama Naye Aketi Kikaoni: Matunzo ya Wazee Ndani ya Familia



Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo yake. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni hiyo familia ni nani hasa, na mikono inayotunza ni ya nani.

Chukueni mfano wa familia moja. Watoto wametawanyika: mmoja Mwanza, mmoja Mbagala, mwingine Muscat. Wana kundi lao la WhatsApp, na kila mwisho wa mwezi huchanga "za mama". Anayetuma laki moja humiminiwa dua na picha za maua. Yule binti aliyebaki nyumbani, anayemgeuza mama usiku asipate vidonda vya kulala, anayejua kwamba kidonge cha presha hufichwa chini ya mkeka na kudaiwa kimemezwa, kwenye orodha ya michango ana sifuri. Tena ndiye anayeulizwa pesa zimeishia wapi! Hiyo ni dhuluma, hata kama anayeitenda ni kaka mpole.

Na mama mwenyewe? Kikao huamua ahamie kwa nani na shamba lake likodishwe kwa nani, yeye yupo chumba cha pili akisikia akitajwa.

Fedha yake mwenyewe humrudishia mzee sauti. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Wapo waliobeza kiwango kile. Lakini mtazameni bibi aliyelima mihogo na kuvuna mwani, asiyewahi kuijua siku ya mshahara. Fedha isiyopitia kwa mtoto inamnunulia sukari yake, inampa mjukuu nauli, inamwingiza kwenye mchezo wa kupokezana fedha na mashoga zake. Haombi tena, na asiyeomba husikilizwa zaidi. Haipendezi kusema hivyo, lakini ndivyo nyumba nyingi zilivyo.

Wenzangu wengine wanahofia pensheni itawafanya watoto wajivue jukumu. Sikubaliani nao. Elfu ishirini ile haikumtosha mtu chakula cha mwezi, na mtoto wa kumtupa mzazi hasubiri serikali imruhusu.

Napendekeza familia ziandike zamu za kumhudumia mzee kuwa mchango sawa na fedha. Wa Mwanza aje akae wiki mbili, dada apumzike. Asije na mfuko wa machungwa, akapiga picha na kuondoka. Kikao kifanyike alipo mama, naye aanze kusema. Hata aliyepotewa na kumbukumbu bado huonyesha nani anamwogesha vizuri na nani anamuumiza.

Tutakapogawana makundi baada ya chai, naomba kundi la kwanza lianze na zamu, hasa zamu za watoto wa kiume.