Pombe, ajali na hesabu: tunaomba nini kwa lopitali za Kisangani

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanamemba, wamotari na wazee wa kartie, komine ya Makiso



Tunaanza na kosa letu. Mwaka uliopita tulituma wanamemba wawili wakae kwenye mulango wa lopitali moja ya mji, Siku ya Posho usiku, wamuulize kila mutu aliyeletwa na ajali ya moto kama alikunywa. Tulihesabu, tukatoa asilimia, tukaandika tangazo: pombe njo inaleta ajali za Kisangani. Watu walilipenda. Kisha siku chache, wamotari wakaanza kusimamishwa na kuambiwa: «Ninyi walevi, hata vijana wenzenu wamesema.» Mutu anatoa franka, anaachiliwa, hata kama hajagusa kikopo tangu asubuhi. Na munajua ni wangapi kati yetu wako na diplome nyumbani na wanaendesha moto ya mutu mwingine juu ya kukosa kazi. Tulijipiga sisi wenyewe.

Ile asilimia haturudie hapa. Haikuwa uongo. Lakini haikuwa na maana tuliyoipa, na dada yetu mumoja aliyesoma biostatistiki UNIKIS alituambia hivyo siku ileile. Hatukumusikiliza, tulikuwa na haraka.

Alituambia nini? Alituuliza ulizo moja tu: «Na wale hawakuanguka?» Tukanyamaza. Sawa, tuseme kati ya waliojeruhiwa Siku ya Posho usiku, nusu walikunywa. Lakini kama ungesimamisha wamotari wote wanaopita barabara ileile, saa ileile, na nusu yao nao wamekunywa, basi ile nusu ya lopitali haisemi kitu. Ni picha ya Siku ya Posho, haiko picha ya ajali. Kujua hatari, lazima upate watu wa kulinganisha.

Hii haiko akili ya leo. Mu 1962 na 1963, Robert Borkenstein, Mumarekani aliyekuwa ametengeneza mashini ya kupima pombe kwenye pumzi mu 1954, alifanya hivyo kwenye mji wa Grand Rapids, Michigan. Walipima madereva karibu 6,000 walioingia kwenye ajali. Kisha walisimamisha madereva wengine zaidi ya 7,000 ambao hawakupata ajali, kwa kuchagua barabara na saa zinazofanana na za ajali. Hapo ndipo ilionekana wazi: pombe ikipanda kwenye damu, hatari inapanda, na ikifika gramu 0.8 kwa litre inapanda mbio. Uingereza ilichukua kipimo hicho hicho kwenye sheria yake ya 1967.

Lakini kuna sehemu ya hadithi tunayoipenda zaidi. Kwenye hesabu za Grand Rapids, wale waliokunywa kidogo sana walionekana kupata ajali kidogo kuliko wale hawakunywa kabisa! Wauza bia wangefurahi. Watu walirudi kwenye hesabu, wakaona: kati ya wasiokunywa kulikuwa vijana wapya kwenye usukani na wazee sana, watu wanaopata ajali hata na maji ya kisima. Kati ya waliokunywa kidogo kulikuwa watu wa umri wa katikati, waliozoea barabara, waliozoea na pombe. Umri ulijificha nyuma ya chupa. Ukitenganisha makundi vizuri, ile faida ya kikopo kidogo inapotea.

Kisangani je, nini inajificha nyuma ya chupa? Giza. Barabara bila taa, mashimo, moto bila breki, kasike inayovaliwa na dereva peke yake, ama na hakuna mutu. Mwenye kunywa anapita usiku, na usiku njo saa ya mashimo yasiyoonekana. Usipotenganisha, utamubebesha mulevi muzigo wa mutu aliyepaswa kutengeneza barabara. Na kinyume chake pia: wamotari watasema ni mashimo tu, na tutazika watu. Sisi hatuko hapa kuwatetea wanaoendesha wakiwa wamelewa. Tunataka kujua kila kitu kinabeba kiasi gani.

Sasa, nani atasimamisha watu usiku hapa kwetu, na mashini gani? Hakuna. Lakini kuna njia nyingine, na haiombe mashini. Munganga mumoja wa hesabu, Malcolm Maclure, aliiandika mu 1991: mugonjwa mwenyewe anakuwa wa kulinganishwa na yeye mwenyewe. Unamuuliza: «Ndani ya masaa sita mbele ya kuumia, ulikunywa?» Kisha: «Posho iliyopita, siku ileile, masaa yaleyale, ulikunywa?» Umri wake ni uleule, tabia yake ni ileile, hata mara nyingi barabara yake ni ileile.

Tufanye hesabu ya mufano, namba za kufundisha tu. Waliojeruhiwa 100. Kati yao 30 walikunywa siku ya ajali lakini posho iliyopita hapana. Wengine 6 walikunywa posho iliyopita lakini siku ya ajali hapana. Wale 64 wanaobaki, walikunywa mara zote mbili ama hawakunywa hata mara moja, hawatuambie kitu, tunawaweka pembeni. 30 kugawanya kwa 6 ni 5. Maana yake, kwa watu hao, kunywa kulizidisha hatari kama mara tano. Kila mutu aliyemaliza darasa la sita anaweza kuifanya. Kazi ngumu ni kuuliza vizuri.

OMS ilitumia njia hiyo mu 2001 na 2002 kwenye salle za urgence za inchi 12. Kutoka Afrika ziliingia Mosambiki na Afrika ya Kusini. Kongo haikuwamo. Tanzania, kwenye lopitali ya KCMC ya Moshi, wamepima pumzi za waliojeruhiwa, na hawakuishia kwenye karatasi: wametoka na mazungumzo mafupi ya kumupa mugonjwa kabla hajarudi nyumbani, jina lake «Punguza Pombe Kwa Afya Yako». Kwa Kiswahili! OMS yenyewe inahesabu kwamba mu 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na 724,000 kati yao walikufa kwa majeraha: barabara, kupigana, kujiua. Namba za Tshopo ndani ya hizo zimekadiriwa kutoka mbali, juu hapa kwetu kwenye kitabu cha urgence kunaandikwa «AVP» na basi. Saa hakuna. Pahali hakuna. Pombe, mara nyingine infirmie anaandika «éthylisme» juu alisikia harufu, mara nyingine hapana.

Na muangalie nani hayuko kwenye kitabu kabisa. Aliyekufa palepale. Aliyepelekwa kwa mutu anayenyoosha mifupa juu lopitali inaomba caution. Aliyeanguka kwenye pirogi akivuka kwenda Lubunga, maji yakamubeba. Lopitali peke yake itasema nusu ya maneno.

Tena lotoko. Bia ya santilitre 72, ya digrii 5, iko na gramu kama 28 za pombe yenyewe, karibu mara tatu ya kipimo cha gramu 10 ambacho OMS inatumia. Lotoko ya kikopo cha chai iko na ngapi? Inategemea mama aliyeitengeneza na siku aliyoitengeneza. Basi ukiuliza «vikopo ngapi» bila kuonyesha kikopo, umeuliza bure.

Kwa hiyo barua yetu kwa lopitali na kwa divisheni ya afya inaomba kitu kidogo: mistari mine zaidi kwenye kitabu cha urgence. Saa ya ajali, pahali, alikunywa masaa sita mbele, alikunywa masaa yaleyale posho iliyopita. Na sharti moja ambalo hatutaliacha: kitabu hicho ni cha munganga. Polisi asikisome, jina lisitoke. Siku mugonjwa atajua jibu lake linamupeleka kwenye cachot, wote watajibu «sikunywa», na hesabu imekufa. Tulishaona tangazo letu lilifanya nini.

Kazi ya kuuliza, wenye diplome wasio na kazi tuko wengi, tutaifanya kwa zamu, kisha komite ya etiki ikubali, hapana mbele yake.

Wanaotaka kusaidia wabaki kisha mukutano. Tuko na karatasi ya maulizo, tutaisoma pamoja kwa Kiswahili na kwa Lingala, juu jana tumeona kwamba tukiuliza «ulilewa?» kila mutu anasema hapana, na tukiuliza «ulikunywa nini?» watu wanaanza kuhesabu.