Chanjo na Minyoo: Kwa Nini Ng'ombe Aliyechanjwa Bado Huugua

Matini ya mazungumzo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kaunti za Bomet na Kericho



Kuna lalamiko ambalo maafisa wa mifugo hulisikia baada ya karibu kila zoezi la chanjo, kuanzia Konoin hadi Chepalungu, na ng'ambo ya mpaka huko Bureti na Belgut. Mfugaji alimfikisha ng'ombe wake kituoni asubuhi na mapema, akapanga foleni, ng'ombe akachomwa sindano. Miezi michache baadaye ng'ombe yuleyule anatokwa na mate, anachechemea, na maziwa yameshuka hadi hayajazi hata mtungi mdogo. Jirani ambaye hakufika kituoni kabisa anacheka. Kijiji kizima kinaamua jambo moja: chanjo ni maji.

Lalamiko hilo halistahili kupuuzwa. Kwa familia yenye robo ekari ya majani chai, ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa bonasi ndiye karo ya shule, ndiye mboga, na ndiye mursik ya wageni. Tena imani kuhusu chanjo imekuwa dhaifu. Kampeni ya kitaifa ilipoanza Januari 2025, ikilenga ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya wanyama hao, mabishano yalikuwa yamekwisha kujaa redioni na kwenye simu. Mengi yalikuwa uvumi mtupu. Swali la mfugaji ambaye ng'ombe wake alichanjwa kisha akaugua si uvumi, na linahitaji jibu.

Majibu ni zaidi ya moja, na mengine yanawahusu wanaochanja. Chanjo iliyoachwa juani bila barafu huharibika hata ikiwa imetoka vizuri katika maabara za KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo. Virusi vya miguu na midomo vina aina kadhaa nchini Kenya: O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga dhidi ya aina moja haizuii nyingine. Kinga yenyewe haidumu. Kwa ugonjwa huu chanjo hurudiwa takriban kila miezi sita, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa mara moja miaka miwili iliyopita hahesabiki kuwa amechanjwa. Mfugaji ana haki ya kuuliza kuhusu kila moja ya mambo haya, na afisa ana wajibu wa kumjibu.

Jibu ambalo halizungumzwi sana liko ndani ya tumbo la ng'ombe, na masikioni mwake.

Chanjo haimpi ng'ombe kinga kama mtu anavyompa ndoo ya maji. Inamwonyesha mwili sura ya adui, na mwili wenyewe ndio unaotengeneza kingamwili. Kazi hiyo inahitaji protini, damu nzuri na chembe nyeupe zisizo na kazi nyingine. Minyoo ya tumbo inayofyonza damu humwondolea ng'ombe vitu hivyo kila siku. Zaidi ya hapo, minyoo huishi muda mrefu ndani ya mnyama kwa sababu imejua kuutuliza mwili usiifukuze. Utulivu huo haubaki kwa minyoo peke yake. Chanjo inapoingia, inaweza kukuta mwili uliobembelezwa ukalala.

Ushahidi wa mambo haya ulianza kukusanywa zamani, na sehemu kubwa ilitoka Kenya. Miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hutoa kingamwili hafifu wanapochanjwa dhidi ya magonjwa mengine. Mwaka wa 1990 watafiti wa hapa nchini walichapisha matokeo yaliyoonyesha hali kama hiyo kwa mbuzi: wenye nagana waliochanjwa dhidi ya kimeta walitoa kingamwili chache kuliko wenzao wazima. Nyanda za juu za chai hazina shida ya mbung'o, lakini ng'ombe wanaonunuliwa kutoka sehemu zenye mbung'o hupanda huku na vimelea vyao kwenye damu. Mnunuzi hutazama kiwele na meno. Damu haitazami.

Ugonjwa wa nyumbani ni ndigana kali. Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliufikisha katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Pwani yenyewe haina kosa zaidi ya kuwa na bandari. Huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Kimelea chake huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha zizaliane ovyo, ndiyo maana tezi chini ya sikio na mbele ya bega huvimba. Chembe hizohizo ndizo chanjo yoyote inazitegemea. Kumchanja ng'ombe mwenye homa ya ndigana ni kumtuma mtu dukani nyumba yake ikiwaka moto.

Ndigana kali yenyewe ina chanjo, nayo ni kazi ya Muguga, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Miaka ya 1970 watafiti wa huko walichanganya aina tatu za kimelea hai, wakampa ng'ombe pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Ng'ombe anaambukizwa na kutibiwa kwa wakati mmoja, na mwili unajifunza. Mchanganyiko huo huhifadhiwa kwenye mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, na ng'ombe aliyechanjwa hupewa hereni sikioni. Kwa sababu kimelea ni hai, ng'ombe mgonjwa au aliyekonda hachanjwi. Afisa anayemkataa ndama wa aina hiyo anamwokolea mfugaji pesa zake. Hereni hiyo pia si ruhusa ya kuacha josho: kupe huleta magonjwa mengine ambayo chanjo ya Muguga haiyagusi.

Picha nzuri zaidi ya namna vimelea vinavyosaidiana ilitoka Busia. Kati ya 2007 na 2010, ndama 548 wa kienyeji walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi karibu mwaka mmoja. 88 walikufa kabla ya wiki ya 51, na ndigana kali ndiyo iliyoongoza kati ya magonjwa ya kuambukiza, takriban asilimia 40 ya vifo hivyo. Kilichowashtua wengi ni minyoo: kadiri mayai ya minyoo yalivyozidi kwenye kinyesi cha ndama, ndivyo hatari ya kufa kwa ndigana ilivyopanda. Ugonjwa wa kupe ulikuwa ukimalizia kazi iliyoanzwa na minyoo. Utafiti huo haukuwa wa chanjo, lakini mwili uliopimwa ni uleule. Ulileta pia jambo la ajabu: ndama aliyeambukizwa ndugu wapole wa kimelea cha ndigana alikuwa na nafasi ndogo sana ya kufa kwa ndigana yenyewe. Vimelea vyote havifanani, na atakayesema kila kimelea huharibu kila chanjo amepita mpaka.

Ushahidi kwa kweli hauelekei upande mmoja. Entebbe, Uganda, watafiti waliwapa kina mama wajawazito dawa za minyoo, kisha wakapima chanjo za watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha kwamba dawa ile iliboresha mwitikio wa watoto. Binadamu si ng'ombe, na tumbo la mama si tumbo la ndama, lakini matokeo hayo yanatosha kuwanyamazisha wauzaji wa dawa wanaoahidi kwamba chupa moja ya dawa ya minyoo itaifanya chanjo ishike kwa asilimia mia.

Mnyoo unaostahili kuangaliwa zaidi katika vilima vya chai ni mnyoo wa ini. Majani chai yamechukua migongo ya vilima, na ng'ombe wamebakiziwa mabonde yenye maji, kando ya vijito, ambako nyasi ni kijani hata Januari. Huko ndiko anakoishi konokono mdogo ambaye mnyoo huu hauwezi kuendelea bila yeye. Yai hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, huingia kwa konokono, hutoka na kujibanza kwenye jani la nyasi. Ng'ombe hulila. Nepia iliyokatwa bondeni na kubebwa hadi zizini ikiwa mbichi hubeba abiria haohao, kwa hiyo kufugia zizini peke yake hakumwokoi ng'ombe. Mchinjaji yeyote ameona maini yaliyotupwa kwa sababu ya mnyoo huu.

Unavyoweza kuudanganya mwili kulionekana Uingereza. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba ng'ombe wenye mnyoo wa ini huweza kupita kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kana kwamba hawana ugonjwa, na watafiti walikadiria kuwa huenda hadi theluthi moja ya ng'ombe wenye kifua kikuu hawakugunduliwa kwa sababu hiyo. Kipimo kile, kama chanjo, hutegemea mwili ujibu. Mwili haukujibu.

Sasa dawa. Si kila dawa ya minyoo inagusa ini. Levamisole, ambayo hupatikana karibu kila duka la kilimo, haiui mnyoo wa ini hata ikitolewa kila mwezi. Albendazole huua wale waliokomaa tu, na kwa kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya tumbo. Tena haifai kwa ng'ombe aliyepandishwa karibuni, mwezi wa kwanza na nusu wa mimba. Triclabendazole huua hata wachanga. Kipimo kifuate uzito, na utepe wa kupimia kifua ni bei nafuu kuliko kukisia. Kumpa ng'ombe wa kilo 400 dozi ya ndama ili chupa ifike kwa wote kunaifundisha minyoo kuishi na dawa.

Kinachowafanya wengi waahirishe ni maziwa, na hoja hiyo ina uzito. Baada ya dawa nyingi, maziwa hayauzwi kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa, na familia inayotegemea malipo ya ushirika haiwezi kumwaga mapato ya juma zima kwa moyo mweupe. Njia iliyo rahisi ni kuwapa dawa ng'ombe wakiwa wamekaushwa kabla ya kuzaa, na ndama na mitamba wakati wowote, kwa kuwa hao hawana maziwa ya kupoteza. Ndama ndio wanaoumizwa zaidi na minyoo hata hivyo.

Anayejua tarehe ya chanjo na atoe dawa ya minyoo wiki mbili hivi kabla yake, aendelee na josho, na asimpe ng'ombe antibiotiki siku zinazoizunguka chanjo ya kimeta, kwa sababu chanjo hiyo ni hai na dawa huiua. Aliyechelewa asibaki nyumbani. Ng'ombe mwenye minyoo lakini mchangamfu akichanjwa hupata kinga fulani, na aliyebaki zizini hapati yoyote. Anayerudishwa ni mwenye homa, mwenye tezi zilizovimba, au mwenye uvimbe laini chini ya taya na kope nyeupe kwa ndani. Huyo atibiwe kwanza.

Huduma za mifugo zimekuwa kazi ya kaunti tangu 2013, na kupima kinyesi kwa darubini ni sehemu ya huduma hizo. Kinachohitajika ni kinyesi kibichi cha asubuhi, kiasi cha kiganja, kwenye mfuko safi wenye jina la ng'ombe. Afisa wa mifugo wa wadi ameketi pale nyuma na darubini yake. Waliokuja na mifuko waanze wao, hasa walioiweka chini ya viti.