Uvumi wa Wanyonya Damu na Usalama wa Vijiji vya Mpakani



Katika vikao vya ulinzi shirikishi tumeulizwa mara nyingi swali moja: je, wanyonya damu wapo? Wengine huliuliza wakicheka, wengine huliuliza wakiwa wamekwisha kuweka zamu za usiku kwa mapanga na marungu. Hatutalicheka swali hilo, kwa kuwa watu wameuawa kwa ajili yake. Tutalijibu kama tunavyojibu kila shauri, yaani kwa kutazama ushahidi.

Hofu ya kiumbe anyonyaye damu haikuanzia kwetu. Waewe, ambao nchi yao imekatwa na mpaka wa Ghana na Togo, husimulia habari za adze, ambaye huingia nyumbani usiku kwa umbo la kimulimuli na kunyonya damu ya waliolala, hasa watoto. Wamalai humtaja penanggalan, kichwa cha mwanamke kirukacho usiku bila kiwiliwili kikitafuta damu ya wazazi na vichanga. Katika hadithi hizo, mnyonya damu hufika palepale penye maradhi na vifo visivyoelezeka.

Sisi nasi tunaye wetu. Pwani humwita mumiani, jina lililotokana na dawa nyeusi ya mfano wa lami iliyoletwa kutoka Uajemi, ambayo watu walidhani imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni, mjini Nairobi waliogopwa wazimamoto. Kampala wakaitwa bazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakaitwa banyama. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha katika kitabu mwaka 2000. Aligundua kwamba visa vilifanana mno kutoka nchi hadi nchi: gari, sare, ndoo, sindano, na mtu asiyerudi. Uvumi, ndugu zetu, haujapata kusimamishwa kwenye kizuizi cha forodha.

Turuhusuni tuwapeleke mbali kidogo, kwenye mpaka mwingine. Mwaka 1725 sehemu ya Serbia ilikuwa chini ya Austria, ikipakana na dola ya Waturuki. Katika kijiji cha Kisiljevo alifariki mkulima mmoja, Petar Blagojević. Baada yake watu 9 wakafa katika muda wa siku 8, kila mmoja kwa ugonjwa mfupi. Wanakijiji walisema marehemu anatoka kaburini na kuwakaba. Walimwendea ofisa wa serikali wakataka ruhusa ya kumfukua, wakatishia kukihama kijiji chote iwapo watakataliwa. Ofisa alijaribu kuwazuia, akashindwa, akaandamana nao hadi makaburini. Maiti ilionekana haijaoza sana, na mdomoni palikuwa na damu. Wakaichoma kifuani kwa mti uliochongwa, kisha wakaiteketeza. Katika ripoti yake, ofisa yule aliomba kwamba kama kosa limetendeka, lawama zisiwe juu yake bali juu ya umati uliopagawa kwa hofu.

Maneno hayo sisi askari tunayasoma kwa uzito mkubwa. Tangu siku ile hadi leo, umati ukishapagawa, kila aliyekuwamo husema si yeye.

Je, walichokiona makaburini kilikuwa uongo? La. Macho yao yalikuwa mazima. Tafsiri ndiyo iliyopotoka. Waganga wa leo wachunguzao maiti wanafahamu kwamba mwili wa marehemu huvimba kwa hewa inayotokana na kuoza, na hewa hiyo husukuma majimaji mekundu hadi puani na mdomoni. Ngozi hunywea, kucha na nywele zikaonekana kana kwamba zimekua. Penye ardhi yenye baridi, kuoza huchelewa. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alimwagiza tabibu wake, Gerard van Swieten, achunguze habari hizo. Tabibu alieleza kwamba yote yana sababu za kawaida, na Malkia akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa tuhuma za namna hiyo. Basi uchunguzi uliwatuliza watu pale ambapo miti iliyochongwa ilikuwa imeshindwa.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wasiosoma. Huko Exeter, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, familia moja ilikuwa ikimalizwa na kifua kikuu. Mwaka 1892 majirani walimfukua binti wa familia hiyo, Mercy Brown, aliyefariki miezi miwili tu kabla, wakauchoma moyo wake, na majivu wakamnywesha kaka yake mgonjwa katika maji. Kaka yule alifariki muda mfupi baadaye. Na hali ilikuwa miaka 10 tangu Robert Koch atangaze kimelea kinacholeta kifua kikuu. Elimu ilikuwapo duniani, ila haikuwa imefika mlangoni kwao. Kuifikisha mlangoni ndiyo kazi ya mikutano kama huu.

Sasa turudi jirani. Mwaka 2017, katika wilaya za kusini mwa Malawi zinazopakana na Msumbiji, zikiwamo Mulanje na Phalombe, ulizuka uvumi wa wanyonya damu. Haukuwa wa kwanza, kwani uvumi kama huo ulikuwa umeitikisa Malawi tangu mwaka 2002. Vijana waliweka vizuizi barabarani. Umoja wa Mataifa uliwahamisha watumishi wake kutoka wilaya mbili, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Angalau watu 8 waliuawa na makundi ya watu, na polisi wakawakamata zaidi ya 140. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo kijana mwenye kifafa, aliyechomwa moto. Hakupatikana mnyonya damu hata mmoja. Waliopatikana ni marehemu, wajane, mayatima, na vijana waliojaza mahabusu.

Hatusemi kwamba hofu hii haina mizizi. Wazee wetu walichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi za wakoloni. Walipangwa foleni na kutobolewa sindano za kampeni za maradhi bila kuelezwa lolote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tena, wahalifu wa kweli wapo: wasafirishao binadamu, na waliowaua ndugu zetu wenye ualbino katika Tanzania na Malawi kwa imani za kishirikina. Kwa hiyo anayetoa taarifa ya mtu anayemtilia shaka hatumdharau. Tunachokikataa ni hukumu kutolewa njiani, na watu waliopagawa.

Tuipime tuhuma yenyewe. Damu ikitoka mwilini bila dawa ya kuizuia, huganda katika muda wa dakika chache. Damu ya kumwongezea mgonjwa hutolewa kwenye mfuko maalumu wenye dawa hiyo, hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, na hudumu wiki tano au sita tu. Kabla ya kutumiwa ni lazima ijulikane kundi lake na ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Jagi au dumu la damu iliyoibwa usiku haliwezi kumfaa mgonjwa yeyote. Naye mhudumu wa afya apimaye malaria huhitaji tone moja tu la kidoleni. Ana haki ya kujitambulisha kwenu, nanyi mna haki ya kumwuliza ametumwa na nani na tone hilo ni la nini.

Ndugu wananchi, tunawaomba mambo manne. Kwanza, kila mgeni wa kikazi, awe mpimaji wa ardhi, mchanjaji au mtafiti, aanze kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti awatangazie watu wake mapema. Pili, mkimshuku mtu, mzuieni bila kumpiga, mwiteni mwenyekiti na polisi. Akiwa hai atahojiwa, akifa amekwenda na ukweli wake. Tatu, msisambaze picha na sauti za simu ambazo chanzo chake hamkijui. Ulizeni kwanza tukio limetokea wapi, lini, na nani aliliona kwa macho yake. Nne, wenye kifafa, wenye maradhi ya akili, wazee wenye macho mekundu na wapita njia wasioijua lugha yetu walindwe, maana hao ndio huangukiwa wa kwanza.

Nasi tuna deni kwenu. Mkituita usiku na tusifike, uvumi utafika kabla yetu. Kwa hiyo tumekubaliana na wenzetu wa ng'ambo kwamba habari ya namna hii ikizuka upande mmoja, upande wa pili uarifiwe siku hiyohiyo, na majibu ya uchunguzi yaletwe hapa hadharani, hata kama jibu ni kwamba hapakuwa na kitu.

Kesho atapita mtu kijijini mwenu ambaye hamumjui. Huenda ni mfanyabiashara wa ng'ombe, huenda ni mkimbizi, huenda ni mtoto wa shangazi yenu kutoka ng'ambo. Mpeni maji kwanza, kisha mwulizeni atokako.