MWANASHERIA WA HALMASHAURI NI WA NANI?

(Mazungumzo na watumishi wa serikali na walimu, Shangani, Mtwara)



Mmeniomba nieleze kazi ya mwanasheria wa halmashauri katika mambo ya ardhi na mazingira. Wengi hudhani kazi hiyo ni kuitetea halmashauri inaposhtakiwa. La hasha. Huanza mapema zaidi, kikaoni, pale anapopaswa kuwaambia wakubwa wake kwamba jambo fulani hawana mamlaka nalo. Jibu hilo halipendwi, na anayelitoa huenda asidumu kituoni.

Tazameni yaliyotokea Dar es Salaam. Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikitupa taka Tabata, moshi na uvundo ukiwaingilia wananchi majumbani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome. Jiji likarudi kuomba muda zaidi. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kuwa kuchafua mazingira ya watu ni kuhatarisha uhai wao, nao unalindwa na Ibara ya 14 ya Katiba.

Kisha taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi 795 wakaenda mahakamani, ikadhihirika kwamba mpango wa jiji ulikwisha kulitenga eneo hilo kwa makazi. Jiji lilikuwa linavunja mpango wake lenyewe! Ilitosha kuifungua ramani kabla malori hayajaondoka.

Mji wetu wa Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya mpango wa karanga. Karanga zilishindwa, mji ukabaki. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2000 ghuba hiyo na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Pwani ya namna hii haikosi wanaoitamani.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hakiulizi kama mwombaji ni mkubwa au mdogo. Basi mtumishi anayeletewa ombi la kiwanja ufukweni azipime mita hizo kwa kamba kabla ya kuandika barua, na mwalimu awafundishe wanafunzi kusoma ramani ya mji wao. Nami nikiulizwa, nitataka jibu langu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, lisomeke hata baada ya kuhamishwa kwangu.