Anayerudi Apokewe Vipi?

Katika mazungumzo yetu ya leo tunawaelekea hasa ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, walioko makambini, vituoni na mipakani. Jambo tunalotaka kulitazama limetokea kwa jirani zetu wa Uganda, lakini swali lake laweza kumkuta askari ye yote, mahali po pote, akiwa peke yake lindoni kabla ya mapambazuko. Mtu aliyeshika bunduki dhidi ya wananchi wenzake, akaua na kuchoma nyumba, kisha akatokea majanini ameinua mikono na kusema amechoka, je, anastahili kupewa nafasi nyingine ya kuishi kama watu?

Wako watakaojibu upesi kwamba hastahili, kwa kuwa damu haifutiki kwa kuinua mikono. Wako watakaojibu upesi kwamba anastahili, kwa kuwa hakuna binadamu asiyekosa. Majibu yote mawili ni mepesi kupita uzito wa swali, na yaliyowapata watu wa kaskazini ya Uganda yanatuonyesha kwa nini.

Kwa muda wa karibu miaka 20, tangu mwaka 1987 hadi yalipoanza mazungumzo ya Juba mwaka 2006, kundi la Lord's Resistance Army, yaani LRA, likiongozwa na Joseph Kony, liliitesa nchi ya Waacholi na majirani zao wa Lango na Teso. Wakati vita ilipopamba moto, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wameyahama mashamba yao na kusongamana katika kambi. Wazee wenu waliofika Gulu na Arua mwaka 1979, katika vita ya kumwondoa Idi Amin, wanaikumbuka ardhi ile yenye rutuba. Miaka hiyo iligeuka pori tupu.

Lakini ubaya mkubwa kupita wote ulikuwa namna kundi hilo lilivyopata askari wake. Halikuwa na vijana wa kutosha waliojiunga kwa hiari, basi likawateka watoto. Wanaokadiriwa kutekwa ni zaidi ya 20,000. Mwezi Oktoba 1996 waasi waliivamia usiku shule ya wasichana ya St. Mary's huko Aboke, wakachukua wanafunzi 139. Mtawa wa Kiitalia, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akawasihi makamanda, akarudi na wasichana 109. Waliobaki mikononi mwa waasi walikuwa 30. Habari hiyo ilienea duniani. Watoto wengi wa vijijini walichukuliwa pasipo mtu wa kuwafuata, wala gazeti la kuandika majina yao.

Mtoto aliyetekwa alipigwa, akabebeshwa mizigo, na mara nyingi akalazimishwa kuua mtoto mwenziwe aliyejaribu kutoroka, au hata jamaa yake mwenyewe. Walitenda hivyo kwa makusudi. Mtoto aliyeua ndugu yake aliamini kwamba hana tena kwao pa kurudi, na aliyekosa pa kurudi hupigana mpaka mwisho.

Hapo ndipo Serikali ya Uganda na wananchi wa kaskazini walipokabiliwa na fumbo zito. Adui aliyewachomea nyumba alikuwa, kwa sehemu kubwa, mtoto wao wenyewe. Kila risasi iliyompata mwasi ilikuwa yawezekana imempata kijana aliyechukuliwa na waasi akienda kuteka maji. Kwa sababu hiyo viongozi wa dini na wazee wa Kiacholi, watu walioumizwa kupita wengine, ndio waliokuwa mstari wa mbele kudai sheria ya msamaha. Sheria hiyo ilianza kutumika Januari mwaka 2000.

Ndugu Wasikilizaji, yafaa tuitazame sheria hiyo ilivyokuwa, maana wengi huisema bila kuijua. Haikusema kwamba kila mwasi amekwisha samehewa alipo. Ilimtaka afike mwenyewe, akane na kuuacha uasi, na asalimishe silaha aliyo nayo. Alipotimiza hayo na maombi yake kukubaliwa, alipewa cheti cha msamaha. Tena sheria ilitaja afike kwa nani: kwa kikosi cha jeshi au kituo cha polisi kilicho karibu, ama kwa chifu, kiongozi wa serikali za mitaa, hakimu au kiongozi wa dini. Jeshi na polisi walitajwa mwanzo kabisa. Bunge lilitunga sheria hiyo mjini Kampala, lakini mtu wa kwanza kuitekeleza alikuwa askari wa kawaida, pengine mwenye njaa na usingizi, pengine aliyemzika rafiki yake wiki iliyopita.

Tumfikirie askari huyo. Mbele yake amesimama kijana wa miaka 17, nguo zimechanika, nywele zimesokotana, bunduki ameiweka chini. Makamanda wa kijana huyo wamemwambia mara nyingi kwamba ye yote anayejisalimisha huuawa na jeshi, au hupewa chakula chenye sumu. Katika dakika ile kijana anangoja kuona nani alisema kweli. Askari akimpiga, au akimpiga risasi na kuandika kwamba ameuawa katika mapambano, amemthibitishia Kony maneno yake. Habari za porini husafiri. Wenzake waliojificha nyuma kidogo, wakitazama atakavyopokewa, watarudi walikotoka, na kesho watakivamia kijiji kingine. Hasira ya dakika moja lindoni hulipwa na mwananchi asiyekuwapo.

Lakini yule aliyepokewa vema alikuwa na kazi ya kufanya. Katika mji wa Gulu, redio ya Mega FM ilikuwa na kipindi kilichoitwa Dwog Paco, maana yake kwa Kiacholi ni Rudi Nyumbani. Waliotoka porini walikaa mbele ya kipaza sauti, wakawataja wenzao waliowaacha huko, wakasema: ni mimi, mnaijua sauti yangu, ni mzima, sikuuawa. Hatusemi kwamba redio peke yake ilimaliza vita. Nguvu za jeshi nazo ziliwabana waasi wakakosa chakula na pa kujificha. Ila mtu aliyebanwa pande zote bila kuonyeshwa mlango hupigana kama chui. Mpaka ulipofika mwaka 2012, watu zaidi ya 26,000 wa makundi mbalimbali ya waasi walikuwa wamepata msamaha chini ya sheria hiyo, na karibu nusu yao walitoka LRA.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana haki haitazami kwa jicho moja. Aliyerudi alipewa kifurushi cha kuanzia maisha: fedha kidogo, godoro, sufuria, jembe na mbegu. Jirani yake, mama aliyechomewa nyumba na kuuliwa mume, alitazama godoro lile likipita mbele ya kibanda chake. Yeye hakupewa godoro. Je, tumlaumu mama huyo akinung'unika? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa haoni ung'ongo. Alikuwa anamwona mtu yule yule. Msamaha unaomkumbuka aliyekosa na kumsahau aliyekosewa umejengwa juu ya mchanga.

Waacholi wenyewe walilijua hilo tangu zamani. Wana desturi ya kumpokea aliyepotea kwa kumtaka akanyage yai bichi kabla ya kuingia nyumbani. Yai huwa limewekwa penye tawi la mti wenye utelezi wa kuosha uchafu, na kijiti cha kufungulia ghala, ishara kwamba atakula tena pamoja na watu wake. Lakini kwa aliyeua wanayo desturi nyingine, mato oput. Hiyo haifanyiki mpaka mkosaji akiri kosa lake kwa kinywa chake, na ukoo wake ulipe fidia kwa ukoo wa marehemu. Ndipo pande mbili hunywa pamoja maji ya mzizi mchungu. Yai ni la kumrudisha mtu nyumbani. Uchungu wa mzizi ni wa kumaliza deni. Aliyekwisha kanyaga yai asidhani kwamba amekwisha kulipa.

Kuna na makosa yasiyoweza kumalizwa kwa desturi wala kwa cheti. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto mdogo, akielekea shuleni. Alikulia porini, akapanda cheo mpaka akawa kamanda wa brigedi. Vikosi alivyoviamuru vilishambulia kambi za raia, ikiwemo Odek na Lukodi mwaka 2004, wakaua watu wasio na silaha. Na yeye mwenyewe aliwaweka wasichana waliotekwa kuwa wake zake kwa nguvu. Alijitokeza mwezi Januari 2015 katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Februari 2021 alipatikana na hatia ya makosa 61, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Mawakili wa wahanga walitaka afungwe maisha. Mahakimu walio wengi walikataa, wakazingatia kwamba mtu huyu alianza kwa kuwa yeye mwenyewe mhanga. Lakini hawakukubali kwamba maumivu ya utotoni yalimfuta hatia ya mambo aliyoyaamuru akiwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Mwenziwe Thomas Kwoyelo, ambaye naye alitekwa angali mvulana, alikamatwa mwaka 2009. Aliomba msamaha akanyimwa, ingawa wengine waliomzidi cheo walikuwa wameupata. Mashauri yalivutana miaka mingi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba sheria ya msamaha haikukusudiwa kuwakinga waliotenda unyama mkubwa kwa raia wasio na hatia. Oktoba 2024, mjini Gulu, Kwoyelo alihukumiwa kifungo cha miaka 40. Hapa tusifiche: mtu aliyekaa mahabusu zaidi ya miaka kumi akingoja hukumu, huku wakubwa wake wanatembea huru, ana haki ya kuuliza kipimo kilikuwa kipi. Nafasi nyingine inayotolewa kwa huyu na kunyimwa yule bila sababu inayojulikana huonekana kama upendeleo, na upendeleo hauponyi nchi.

Na wahanga je? Februari 2024 mahakama ya The Hague iliamuru fidia ya zaidi ya Euro milioni 52 kwa wahanga wa Ongwen, wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000. Ongwen hana mali, kwa hiyo ilibidi fedha zitafutwe kwingine, kupitia mfuko wa wahanga wa mahakama hiyo. Katika wahanga hao wamo wanawake waliorudi na watoto waliowazaa porini, watoto wasio na ukoo wa baba wala shamba la kurithi. Watoto hao hawakukosa lo lote. Hata nafasi ya kwanza hawajaipata.

Ndugu Askari, twajifunza nini? Kwanza, binadamu anastahili nafasi ya kujirudi, na anayeanza kumpa nafasi hiyo ni yule anayeipokea silaha yake. Kazi yenu hapo ni kumpekua, kumlinda, kumwandika na kumfikisha panapohusika akiwa mzima. Kuamua kama asamehewe au ashitakiwe si kazi ya lindo, na askari anayejifanya hakimu ameivunja sheria ile ile aliyovalia sare. Wenzenu waliopata kutumika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa wanajua kwamba jambo hili si hadithi ya mbali.

Pili, anayepewa nafasi hiyo ameazimwa, hakuzawadiwa. Atailipa kwa kusema kweli, kwa kufanya kazi, na kwa kutorudia. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini methali hiyo isigeuzwe ngao ya wale waliotoa amri za kuchinja watu. Hao njia yao ni mahakamani, na hata huko wapimwe kwa haki, pamoja na yale yaliyowapata kabla hawajajua kuchagua.

Tatu, taifa linaposamehe linaahidi pande mbili. Linamwahidi anayerudi kwamba hatauawa, na linamwahidi aliyeumizwa kwamba hatasahauliwa. Uganda iliitimiza ahadi ya kwanza kwa maelfu ya watu, na kwa hilo inastahili sifa. Ahadi ya pili bado ni deni.

Alfajiri moja kijana ametokea majanini, ameweka bunduki chini. Nyuma yake, mbali, kuna wenzake wanaotazama. Na kijijini kuna mama asiyekuwa na godoro, naye anatazama. Askari aliye lindoni anatazamwa na wote hao. Atakalolitenda kwa dakika tano zile ndilo watakalolijua kuwa neno la Serikali.